Istilahi za Fasihi na Sarufi kwa Mifano ya Bukoba na Muleba

Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia anapoingia kidato cha kwanza. Kwa mwanafunzi wa Bukoba na Muleba, maana za istilahi zifuatazo zimo katika urithi wa Wahaya.

Kisasili: Simulizi ya miungu na asili ya mambo. Mugasha hutawala maji ya Ziwa Victoria, kama Poseidon anavyotawala bahari katika visasili vya Wagiriki.

Utendi: Shairi refu la kishujaa. Wahaya huimba tendi kwa enanga, ala ya nyuzi. Mugyabuso Mulokozi aliziandikia tasnifu ya uzamivu mwaka 1986.

Tashihisi: Kukipa kitu sifa za kibinadamu, mfano, “ziwa limekasirika”.

Ngeli: Kundi la nomino. Kihaya husema omuntu na abantu. Kiswahili, mtu na watu. Wingi huonekana mwanzoni mwa neno, ilhali katika Kiingereza aghalabu huonekana mwishoni.

Mwalimu akianzia hapo, mwanafunzi hubakiwa na kazi ya kujifunza jina jipya tu. Maana anayo tayari.