Springi Fupi Katika Nchi ya Barafu

Mnaoishi Minneapolis na Toronto mtatucheka. Mtasema, watu wa Texas wanajua nini kuhusu theluji? Ni kweli haiji kila mwaka. Lakini ikija huja kwa vishindo, na huwakuta vijana wetu wa Irving, Arlington na Houston ndani ya Subaru zilizoshushwa hadi uvungu unakaribia kulamba lami. Ubishi juu ya magari hayo haukosekani arusini wala matangani. Wazee husema gari limeharibiwa. Vijana hujibu kwamba hilo ni gari la Safari Rally, gari la kwetu. Tumeona afadhali tuirudie historia yenyewe, kwani kila upande huitaja na hakuna anayeisimulia hadi mwisho.

Asili ya gari hilo si Kenya. Ni theluji ya Japani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirika la umeme la Tohoku, kaskazini mwa nchi hiyo, lilitafuta gari la kuwafikisha mafundi kwenye nyaya za milimani wakati wa kipupwe, kwa kuwa jipu walizokuwa nazo hazikuwafaa kwa safari ndefu za baridi. Wauzaji wa Subaru wa Miyagi wakachukua gari la kawaida, lililovutwa na magurudumu ya mbele tu, wakaliwekea ekseli ya nyuma inayovuta. Kutokana na jaribio hilo kampuni ikatoa Leone ya magurudumu manne mwaka 1972. Basi mvuto wa magurudumu yote ulizaliwa pamoja na haja ya kupita mahali ambapo gari la chini hukwama.

Kenya iliingia baadaye. Safari yenyewe ilianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wengi wetu tunakumbuka kusimama kandokando ya barabara siku za Pasaka, miguu ndani ya tope, tukingoja mngurumo. Mwaka 1993 Patrick Njiru aliendesha Subaru Vivio, kigari chenye injini ya sisi 660, akamaliza wa 12. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda Safari kwa Impreza, na jina hilo likakaa vinywani mwa watoto wa Nairobi na Nakuru hadi leo.

Sasa litazameni gari hilo la 1997 kwa makini. Limeinuliwa. Limefungwa vyuma vya kukinga wanyama mbele, na springi na shokapu zake zimetengenezwa kwa ajili ya mashimo, mawe na mito. Magari mengi ya Safari ya miaka ile yalikuwa hata na bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa, injini isije ikanywa maji. Kijana anayemtaja McRae huku akikata springi anamtaja shahidi wa upande wa pili.

Hata hivyo tusiwaonee. Mwaka huohuo wa 1997 McRae alishinda pia mashindano ya Corsica, ambayo hukimbiwa juu ya lami tupu, na kule Impreza ilikuwa imeshushwa chini kabisa. Timu moja, dereva mmoja, miezi michache kati ya ushindi na ushindi, na springi tofauti. Picha nyingi zinazobandikwa ukutani ni za gari la lami. Kwa hiyo kijana hakudanganya. Amechukua picha ya Corsica akaipa jina la Kenya.

Huku Marekani nako kushusha gari kuna wenyewe. Wamarekani wenye asili ya Meksiko, kuanzia California hadi Texas, walifanya hivyo tangu kabla baba zetu hawajapata pasipoti. California ilipopiga marufuku, mwishoni mwa miaka ya 1950, gari ambalo sehemu yake yoyote iko chini ya ukingo wa rimu, Ron Aguirre alifunga pampu za mafuta kwenye Corvette yake mwaka 1959 ili aweze kuliinua akimwona askari. (Sheria ile iliondolewa tu mwaka 2024.) Tunapenda sana kisa hiki, maana waasisi wa ufundi huo walijiwekea njia ya kupanda tena. Springi fupi haina swichi.

Subaru WRX ya mwaka 2015, kwa mfano, ilitoka kiwandani ikiwa na nafasi ya inchi 5 na kitu chini ya uvungu, wakati Forester na Outback za miaka hiyo zina 8.7. Shusha WRX kwa inchi moja tu, kisha kumbuka tarehe 11 na 12 Februari 2010, ambapo Dallas–Fort Worth ilipata inchi 12.5 za theluji. Bampa linageuka jembe. Theluji inashindiliwa chini ya uvungu hadi gari linaikalia kama mtu aliyekalia gunia, uzito unapungua juu ya tairi, na magurudumu yote manne yanazunguka bure. Tena springi fupi huwa ngumu na zina mwendo mdogo. Kwenye barafu yenye matuta gurudumu hurukaruka badala ya kushika. Na fundi asipolinganisha magurudumu upya baada ya kuzifunga, tairi hukanyaga kwa ukingo wa ndani.

Lakini theluji si adui mkubwa wa Texas. Adui ni mvua inayoganda. Alfajiri ya tarehe 11 Februari 2021, kwenye barabara ya I-35W mjini Fort Worth, magari 133 yaligongana na watu 6 wakafa. Baadhi ya waliokuwamo walikuwa wahudumu wa afya waliokuwa wakienda zamu au kutoka zamu. Hapo wengi wetu tulinyamaza, kwani ni kazi yetu na ni saa zetu. Siku tano baadaye joto katika uwanja wa ndege wa DFW lilishuka hadi nyuzi 2 chini ya sifuri za Fahrenheit, yaani karibu 19 chini ya sifuri za Selsiasi, umeme ukiwa umekatika. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246 kutokana na dhoruba ile.

Juu ya barafu ya namna hiyo hata gari la Tohoku lenye kimo chake chote halisaidii sana. Magurudumu manne yanayovuta hukuwezesha kuondoka. Kusimama ni kazi ya breki na tairi, na breki nne kila gari linazo. Magari mengi ya michezo hutoka dukani na tairi za kiangazi, ambazo raba yake huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Mwenye dola mia kadhaa za kulifurahisha gari angeanzia hapo. Wala asingoje mkaguzi amkumbushe: tangu tarehe 1 Januari 2025 Texas imeacha ukaguzi wa usalama wa kila mwaka kwa magari binafsi.

Ndugu wa Houston watasema kwao theluji ni ya kusimuliwa, ingawa tarehe 21 Januari 2025 waliiona wenyewe. Kwao ni maji. Waliokuwako Agosti 2017 wakati wa Harvey hawahitaji kuelezwa. Na tumeona mjini humo gari lililoshushwa ambalo bomba lake la hewa limeteremshwa hadi nyuma ya bampa, eti injini ipumue baridi. Pale ambapo fundi wa Safari alipandisha pua hadi paani, sisi tumeipeleka mtaroni.

Kijana mmoja wa jumuiya yetu huko Fort Worth alikaa siku nne bila kwenda kazini Februari ile ya 2021, gari lake limekalia theluji mlangoni. Springi zake za kiwandani hakuzitupa. Zilikuwa chini ya kitanda, zimefungwa kwa kanga kuukuu, na mama yake alikuwa akiuliza lini vyuma chakavu vile vitatoka nyumbani. Sasa kila mwaka wiki ya Thanksgiving huzirudisha kwa msaada wa rafiki mwenye vifaa vya kubania springi, kwani kuzifungua bila vifaa hivyo kunaweza kumkata mtu mkono, kisha hulipeleka gari likalinganishwe magurudumu. Huzitoa Machi. Kuanzia Novemba hadi Machi wenzake humwita Matatu.