Kabla ya koni na filimbi kulikuwa na chandimu

Mtu wangu, pita kwenye mazoezi ya timu yoyote kubwa siku hizi utakuta kocha ameukata uwanja vipande vipande. Wanne kwa wanne huku, watano kwa watatu kule, magoli madogo, na kila baada ya dakika chache anabadilisha sheria. Watu wanaiita mbinu ya kisasa. Ila mtoto wa Kitaya, kule Mtwara kando ya Mto Ruvuma, akiangalia atakwambia neno moja tu: chandimu.

Na hajakosea. Historia ya hii kitu ina watu wa aina mbili, walioandikwa na wasioandikwa.

Tuanze na walioandikwa. Mwaka 1930, mwalimu mmoja wa YMCA mjini Montevideo, Uruguay, alitunga sheria za soka la ndani la watano kwa watano. Ndiyo futsal ya leo. Miaka ya 1980 Waholanzi wakaufanya mchezo wa wanne kwa wanne kuwa msingi wa kufundishia watoto. Mwaka 2012 Waingereza nao wakapiga kura: mtoto aanze na watano kwa watano, apande saba, apande tisa, ndipo afike 11 kwa 11.

Sasa wasioandikwa. Soka la pwani yetu lilipitia sana kwenye shule. Kiungani, shule ya misheni pale Unguja, kabumbu lilikuwa linapigwa enzi hizo za wamisionari, na shule hiyo ilitoa walimu waliokwenda kufundisha misheni ya Masasi, iliyoanza 1876. Huo ulikuwa mpira wa filimbi na nguzo za goli. Mtoto ambaye hana uwanja wala mpira wa ngozi afanyeje? Anajitengenezea wake. Matambara, makaratasi au nailoni, kamba juu, mpira tayari. Mawe mawili goli. Refa hakuna. Idadi? Waliopo ndio hao hao. Nani alianzisha, mwaka gani, hakuna anayejua, na hakuna sanamu yake popote.

Kwa nini ilifanya kazi? Piga hesabu. Uwanja wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Gawa kwa wachezaji 22, kila mmoja ana kama 324. Chora kiwanja cha mita 30 kwa 20, weka wanne kwa wanne, kila mmoja anabaki na 75. Ukipokea mpira, mtu ameshakufikia. Lazima uamue fasta: chenga, pasi au tobo. Na mpira mmoja kwa watu wanane unakurudia haraka kuliko mpira mmoja kwa watu 22.

Alichoongeza kocha ni makusudi. Anataka pasi za haraka? Anabana kiwanja na kuruhusu mguso mmoja. Anataka mapafu? Anapanua eneo na kupunguza watu. Anataka watu wajue kukaba wakiwa pungufu? Anawapa wapinzani mtu mmoja zaidi. Anaweka magoli manne badala ya mawili, mtoto analazimika kuinua kichwa aone upande gani uko wazi. Hakuna hotuba ndefu, sheria yenyewe ndiyo inafundisha.

Turudi Kitaya, maana kule hii stori ina uzito mwingine. Oktoba 2020 kijiji kile kilivamiwa na wapiganaji waliotokea upande wa Msumbiji. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, wengine wakakimbia makwao. Sasa fikiria: mechi ya 11 kwa 11 inahitaji kijiji kilichotulia, watu 22, uwanja na mtu wa kuandaa. Chandimu inahitaji watoto sita na kivuli cha mkorosho. Sehemu yoyote ambayo watu wametawanyika, mchezo mdogo ndio wenye uwezo wa kurudi mapema.

Kinachouma ni hiki. Kuna makocha wetu wa mtaani wanaona chandimu ni utoto. Wanakusanya watoto 24, mpira mmoja, foleni ndefu, kila mtu apige golini. Kila mtoto akitumia sekunde 10, zamu yako inarudi baada ya dakika nne. Saa nzima umegusa mpira mara 15! Wagawe wale wale kwenye viwanja vitatu vya wanane, hata kwa mipira ya makaratasi, hakuna anayesimama kushangaa.

Tusidanganyane pia, chandimu haifundishi kila kitu. Krosi hamna, mpira wa kichwa ni wa bahati, kuotea hakuna, na kwenye goli la mawe kipa hana kazi. Mchezaji aliyekulia huko tu anaweza kupotea akiingia uwanja mkubwa, hajui kubadilisha upande wala kushika nafasi. Hapo ndipo kocha anapolipwa. Kazi yake ni kuchukua walichonacho watoto na kukipanua taratibu, wanne, saba, tisa, 11. Akikifuta aanze upya na foleni, anakuwa ametupa shule ambayo watoto walishajijengea bure.

Na shule yenyewe inahitaji eneo. Mijini kila kona iliyokuwa na mawe mawili leo ina fremu za maduka, na mwenye hamu ya kucheza anachangia hela ya kukodi uwanja wa nyasi bandia kwa saa. Mtoto asiye na hela hiyo anakaa nje ya wavu anaangalia.

Kiwanja chenu cha chandimu, kule ulikokulia, bado kipo? Au kimeshageuka fremu?