Baraza la Mji wa Richmond, California, wakati wa vita (1941–1945)

Baraza la Mji wa Richmond ni chombo cha madiwani kilichoendesha mji huo wa bandari katika Ghuba ya San Francisco, Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1940 Richmond ilikuwa na wakazi 23,642. Viwanda vya meli vya mfanyabiashara Henry J. Kaiser, vilivyounda meli 747, vilisukuma idadi hiyo hadi karibu 100,000 katika miaka michache tu. Shughuli za baraza zilibaki zilezile: bajeti, polisi, zimamoto, barabara, majitaka. Kilichobadilika ni uzito wa shughuli hizo. Mali ya serikali kuu haikutozwa kodi ya mji, ilhali wafanyakazi wa zamu walihitaji huduma usiku na mchana. Ruzuku za serikali kuu chini ya Sheria ya Lanham zilipunguza makali ya mzigo huo. Mamlaka ya nyumba, iliyoundwa 1941, ilisimamia maelfu ya nyumba za umma, nyingi za muda, zilizogawanywa kwa misingi ya rangi ya ngozi. Ubaguzi huo haustahili kufichwa nyuma ya sifa za meli. Vita vilipokwisha, nyumba za muda zilibomolewa, na familia nyingi za Wamarekani Weusi zikaondolewa.