Mwaka Ambao Miguu Ilikosa Kazi

Wako wanaojigamba hadi leo kwamba mwaka 2020, dunia ilipojifungia kwa sababu ya korona, Mtanzania hakufungiwa. Ni kweli, kwa kiasi chake. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, huko Arusha, na kesho yake shule zikafungwa. Lakini watu wazima hawakukatazwa kutoka nje. Wenzetu wa Kenya waliwekewa amri ya kutotoka usiku. Uganda ilipiga marufuku hata kukimbia barabarani kwa mazoezi, na Aprili Rais Museveni akaonyeshwa akikimbia peku juu ya zulia la ofisi yake na kupiga pushapu 30, ili wananchi waige majumbani mwao.

Hayo Moshi tuliyasikia kwa mbali. Huku migombani kina mama waliendelea kushuka tambarare kukata majani ya ng'ombe na kuyapandisha kichwani, na ndizi zilifika gulioni Mwika. Novemba mwaka ule Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtu mzima aushughulishe mwili kwa dakika 150 hadi 300 kwa juma, na apunguze kukaa. Ukimsomea mama huyo ataona unamtania. Dakika hizo yeye huzimaliza kabla ya Jumanne jioni.

Lakini tusijisifu upesi. Neno letu "kukaa" lina mambo mengi ndani yake: kukaa kitako, kukaa mahali, na kukaa bure. Wako waliokaa bure bila kuamriwa na mtu. Nasema wapagazi wa mlimani, wale wanaoitwa wagumu.

Kazi yao ni ya zamani. Hans Meyer alipofika kileleni Oktoba 1889, mizigo yake haikupanda mlima yenyewe. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na huku bondeni upagazi wa misafara ukaanza kufa. Mlimani haukufa, kwa sababu hakuna gari moshi la kwenda Kibo. Hadi leo mgumu hubeba kilo 20 za mzigo wa mgeni, hupimwa getini, kisha hutembea siku tano, sita au zaidi. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Huyu anakula miguu yake kweli, na watoto wake wanaila pia.

Na kwa nini amekwenda kubeba? Wengi wenu mnajua. Kwa mila ya Kichagga kihamba humwelekea zaidi mtoto wa kwanza na kitinda mimba. Wa katikati hujitafutia, na ardhi ya kujitafutia mlimani ilikwisha zamani.

Basi, Aprili 12, 2020, ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Mwanzoni mgumu hakushtuka sana. Aprili ni masika, mlima hulala, na yeye amezoea kukaa akingoja Juni. Ndege ziliruhusiwa tena Mei 18. Juni ikafika, lakini wageni walikuwa wamefungiwa kwao. Watalii walioingia nchini mwaka 2019 walikuwa zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 walikuwa kama 620,000, na wengi wa hao walikuja kabla ya Aprili.

Mgumu mwenye kihamba alishika jembe, na mwili wake ukaendelea na kazi. Yule wa katikati, aliyepanga chumba Pasua au Majengo, alikaa kibarazani. Daktari akihesabu saa za kukaa angemweka kundi moja na karani wa ofisini. Mimi nakataa. Karani amekaa na mshahara unaingia. Huyu miguu ilipumzika, lakini usiku alikuwa macho akihesabu kodi ya miezi. Shule zote zilifunguliwa Juni 29, na watoto wake wakadaiwa sare na madaftari kama watoto wengine.