Kipindi cha Viungo na Uwanja wa Shule

Itazame, msomaji, ratiba ya shule ya msingi yo yote hapa Kenya, nawe utakiona kipindi cha mazoezi ya viungo kimeandikwa mahali pake, pengine baada ya hesabu, pengine karibu na saa ya chakula. Kisha jiulize wewe, uliyetoka katika shule kama hiyo si zamani sana: ni mara ngapi kipindi hicho kiligeuzwa kuwa cha hesabu? Jinsi kilivyoingia katika ratiba, na jinsi kilivyonyang'anywa, ni habari ndefu, nayo haikuanzia kwetu.

Ilianzia vitani. Kati ya mwaka 1899 na 1902 Waingereza walipigana na Makaburu katika Afrika ya Kusini. Vijana wa miji ya viwanda, kama Manchester, walipokwenda kujiandikisha askari, wengi mno walikataliwa na madaktari kwa sababu ya udhaifu wa miili yao. Walikuwa watoto wa vyumba visivyo na hewa na wa mlo haba. Wakubwa wakashikwa na hofu. Dola yenye kutawala sehemu kubwa ya dunia ilikuwa haina vijana wa kuilinda! Ikaundwa kamati ya kuchunguza jambo hilo, ikatoa taarifa yake mwaka 1904. Mwaka 1906 ilitungwa sheria ya kuziruhusu halmashauri kuwapa chakula watoto maskini shuleni; mwaka 1907 ikaja sheria ya kuwapima afya; na mwaka 1909 Bodi ya Elimu ikatoa kitabu cha mazoezi ya viungo kwa shule za msingi. Angalia mfuatano huo: chakula kwanza, daktari wa pili, mazoezi ya tatu. Laiti sisi nasi tungalifuata mpango huo kila mahali, maana mtoto aliyekuja shuleni na njaa si wa kuambiwa akimbie.

Mazoezi yenyewe mengi yalitoka Uswidi, yakifuata mafundisho ya Per Henrik Ling, aliyeanzisha chuo chake Stockholm mwaka 1813. Mikono juu, mikono kando, inama, inuka, wote kwa pamoja kwa amri ya mwalimu. Na ninyi wasichana yafaa mjue kwamba aliyeyatia nguvu mazoezi hayo katika shule za London alikuwa mwanamke, Martina Bergman-Österberg, Mswidi, aliyepewa kazi hiyo mwaka 1881, na baadaye akafungua chuo cha kuwafundisha walimu wa kike.

Kutoka huko mazoezi hayo yalivuka bahari. Katika shule za Kenya ya ukoloni watoto wa Kiafrika walipangwa mistari, wakapigishwa kwata na mazoezi ya viungo, na mtaala ulioandikwa Uingereza mwaka 1933 kwa ajili ya watoto wa Kiingereza ukatumiwa hata huku. Mwalimu alisimama mbele na filimbi, na mtoto aliyeinua mkono wa kushoto wakati wa mkono wa kulia alikiona. Hapana shaka watoto wengine waliyapenda mazoezi hayo. Lakini yalipendwa zaidi na watawala, kwa kuwa mtu aliyezoezwa kugeuka kwa amri ni mwepesi wa kutawaliwa.

Usidhani, msomaji, kwamba kabla ya filimbi hiyo watoto wetu walikuwa wakikaa tu chini ya miti. Wajaluo walikuwa na adhula, mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo zilizopinda. Mieleka ilichezwa sehemu nyingi, na mtoto wa pwani aliogelea kabla hajajua kusoma. Na Waswahili walikuwa na tinge, mchezo ambao mtoto mmoja huongoza na wenziwe huiga kila afanyalo: akiruka nao huruka, akichuchumaa nao huchuchumaa. Je, hayo si mazoezi ya viungo? Tofauti ni kwamba katika tinge kiongozi ni mtoto, na kila mtu anacheka.

Kisha ikaja riadha, na mambo yakageuka. Mwaka 1954 Nyandika Maiyoro alikwenda Vancouver, Kanada, katika mashindano ya Jumuiya ya Madola, akakimbia maili tatu akawa wa nne. Mwaka 1956 Kenya iliingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Melbourne. Mwaka 1964 Wilson Kiprugut alileta medali ya kwanza ya Olimpiki kutoka Tokyo, ya shaba, katika mita 800. Na mwaka 1968 huko Mexico City, Kipchoge Keino, Naftali Temu na Amos Biwott wakapata dhahabu kila mmoja. Mwaka 1974 Sabina Chebichi, msichana ambaye alikuwa angali mwanafunzi, alipata shaba katika mita 800 huko Christchurch, New Zealand. Ulimwengu ukatujua kwa miguu yetu.

Sifa hiyo ilikuwa kubwa, nami siidharau. Lakini iliathiri uwanja wa shule kwa namna ambayo haisemwi sana. Uwanja ukawa mahali pa kuchagulia wenye mbio. Kumi walichaguliwa kwa mashindano ya wilaya, na waliobaki wakasimama kando kushangilia. Mtoto mzito wa miguu, ambaye ndiye aliyeyahitaji mazoezi kuliko wote, alijifunza jambo moja tu uwanjani, nalo ni kwamba uwanja si wake.

Mtihani nao ukaja kuchukua kilichobaki. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, elimu ya viungo ilikuwamo katika mafunzo, bali haikuwamo katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mwalimu alihesabiwa wema kwa alama za wanafunzi wake, na mzazi alilinganisha shule kwa alama hizo hizo. Basi nani angalipoteza dakika thelathini uwanjani? Mwaka 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bure, wanafunzi waliongezeka kutoka milioni 5.9 hivi hadi zaidi ya milioni 7, na mahali pengi mpira mmoja ukawa wa watoto mia. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, baada ya mtaala wa umilisi kuanza kuingizwa mwaka 2017. Michezo imepewa nafasi katika mtaala huo. Lakini mtaala ni karatasi, na mtoto hakimbii juu ya karatasi. Anataka ardhi.

Kwa ajili ya ardhi hiyo, Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirudi kutoka likizo wakaukuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Tarehe 19 walitoka katika sare zao, pamoja na watu wazima waliowaunga mkono, wakausukuma ukuta huo hadi ukaanguka. Polisi waliwarushia mabomu ya machozi, na picha za watoto wakikimbia katika moshi zikaenea duniani. Majenerali walikuwa wamekwisha kutaka viungo vya watoto, na watawala, na wapenda medali. Safari hii watoto wenyewe ndio waliodai mahali pa kuchezea. Ardhi ile ikarudishwa kwa shule.