Kabla ya Njumu

Juzi dogo wa ploti yetu alirudi jioni akiwa kimya. Ameachwa nje ya timu ya shule sababu hana njumu. Akaniuliza, "Brathe, kuna msee ashawahi kucheza mechi ya maana bila viatu?"

Nikamwambia, kaa hapa.

Machi 1926, makanisa ya Kiprotestanti yalifungua Alliance High School kule Kikuyu. Mwaka huohuo, Kenya na Uganda zikaanza kushindania Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni ya Uingereza. Mechi ya kwanza, Nairobi, iliisha 1–1. Ikarudiwa, Kenya ikashinda 2–1. Miaka miwili baadaye Carey Francis, mwalimu wa hesabu kutoka Cambridge, akafika Maseno kuwa mkuu wa shule, na mpira ukawa sehemu ya malezi pamoja na hesabu na sala. Na miguu? Mitupu. Hata 1956, Uganda ilipozuru Uingereza, wachezaji wake wengi waliingia uwanjani bila viatu.

Dogo akacheka. Akasema basi kesho ataenda hivyohivyo, kocha ajionee.

Hapo nikajuta, maana nilikuwa nimempa nusu ya hadithi. Mtaa wetu unaitwa Kiandutu, na ndutu kwa Kikuyu ni funza. Huyo mdudu si wa huku. Alitoka Brazil kwa meli, akashuka Angola 1872, akavuka bara na misafara hadi pwani yetu kabla karne haijaisha. Kandanda nayo ilikuja kwa meli miaka ileile. Wageni wawili, wote wakaingia kwa mguu. Vijana wa 1926 hawakuvua viatu ili waonekane mashujaa. Wengi hawakuwa navyo, na ukicheza hivyo kwenye vumbi lenye funza, mechi huisha lakini mguu unaendelea kulipa.

Kwa hivyo sikumwacha dogo aende kujionyesha. Chini ya kitanda nilikuwa na njumu zangu za chuo, za ule mwaka mmoja kabla karo haijanitoa. Nilikuwa naziweka tu, kama mtu anayengoja kuitwa arudi.

Zinampwaya saizi mbili. Amejaza soksi.