Nyumbu Hachagui Mzigo



Historia ya Ethiopia, nchi jirani yetu, ina mengi yampasayo askari kuyajua. Leo tutazame habari za nyumbu. Hatusemi nyumbu wa mbugani, bali mnyama wa kufugwa azaliwaye na punda dume na farasi jike. Waethiopia husimulia kwamba nyumbu alipoulizwa baba yake ni nani, alijibu kuwa farasi ni mjomba wake. Kwa mama amerithi nguvu. Kwa baba, ustahimilivu na kwato nyembamba zishikazo njia za milimani. Mwenyewe, kwa kawaida, hazai.

Mwaka 1867 Uingereza ilipeleka jeshi Ethiopia kuwatoa Wazungu waliofungwa na Mfalme Tewodros wa Pili. Askari wapatao 13,000, chini ya Jenerali Robert Napier, walitakiwa kwenda zaidi ya kilomita 600, kutoka pwani ya Zula, ambayo leo imo Eritrea, hadi ngome ya Magdala. Kwa kuwa njia ilipita katika milima mirefu, nyumbu walinunuliwa kwa maelfu kutoka Misri, Hispania na kwingineko.

Walishushwa Zula kabla ya maji ya kutosha kupatikana, na watunzaji walikuwa haba. Pwani ile ni kame; maji ya kunywa yalipatikana kwa kuvukiza maji ya bahari melini. Wanyama wakazurura ovyo, na mamia wakafa kwa kiu na maradhi, ilhali adui hajaonekana. Ikabidi kazi ya uchukuzi ipangwe upya, na wenyeji waajiriwe pamoja na wanyama wao.

Kanuni zilizopuuzwa Zula si ngumu. Nyumbu apewe maji kabla ya nafaka. Mzigo ulingane uzito pande zote mbili. Tandiko likaguliwe lisichubue mgongo, na kwato zisafishwe kila siku. Jioni, mnyama ahudumiwe kwanza, kisha askari ale.

Nyumbu waliosalia walibeba hata mizinga midogo iliyofunguliwa vipande vipande. Tarehe 13 Aprili 1868 Magdala ilianguka, na Tewodros akajiua asitekwe. Wafungwa walikuwa wamekwisha achiliwa. Hata hivyo jeshi lilipora mali ya mfalme na ya kanisa, yakiwamo mataji na maandiko ya kale. Tembo 15 na nyumbu wapatao 200 walihitajika kuichukua mali hiyo. Sehemu kubwa yake ingali ng'ambo, na Ethiopia ingali inaidai.

Nyumbu wale hawakujua tofauti ya kubeba chakula cha askari na kubeba mali ya wizi. Aliyejua ni mtu aliyeshika kamba. Leo kazi nyingi ya nyumbu hufanywa na lori, lakini dhamana ya askari ni ile ile: atunze kilicho mikononi mwake, na ajue anakipakia nini.